Tani Tatu za Fahmi

Siku ya kumi na tisa ya eda yake, simu ya Tumu ililia kabla ya adhuhuri, naye akaidaka kama mtu aliyekuwa akiingoja tangu alfajiri. Alikuwa Chonga, dereva wa lori.

"Mama Nasiha, wamelishika," alisema Chonga. "Niko hapa kizuizini, nimetoka machimboni na mawe. Wanasema karatasi hazisemi kitu kimoja."

"Karatasi zipi?"

"Za kaunti na za serikali kuu. Wamelitia uani kwao, na kila siku likilala humo ni ada yake. Wamtaka mwenye lori aje mwenyewe."

Mwenye lori alikuwa amesimama katika chumba cha juu cha nyumba yao ya mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, simu sikioni, mkono wa pili umeshika ukingo wa dirisha. Tumu alikuwa na miaka hamsini na sita. Mumewe, Fahmi, alifariki kwa presha asubuhi ya Jumapili moja, chai yake haijapoa, na tangu siku ile Tumu hakuvuka kizingiti. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hakuichukia, alimlilia mumewe kwa haki yake. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kukaa mahali pamoja siku mbili. Alikuwa mpishi wa harusi. Masufuria ya wali wa watu mia nane aliyajua, na siku zisizo na harusi alikuwa yuko sokoni Makupa, au kwa mkata kuni, au Kizingo kwa mama wa bwana harusi akibishana naye juu ya mbuzi wangapi. Sasa alitembea kutoka dirishani hadi ngazini, kutoka ngazini hadi dirishani, hata jirani wa chini akamtuma mtu kuuliza kama kuna mgonjwa.

Lori lilikuwa lake kwa jina. Miaka ishirini na minane nyuma Fahmi aliliona linauzwa, limeshatumika lakini injini nzima, namba yake ikianza kwa KAB, uwezo wake tani saba. Fedha hakuwa nazo. Tumu alivua bangili sita na mkufu wa nyanya yake, akamwambia auze. Fahmi, kwa heshima ya dhahabu ile, aliandikisha lori kwa jina la mkewe. Logibuku, hati ya umiliki wa gari, ikawekwa katika sanduku la bati chini ya kitanda, na Tumu hakuigusa tena. Vichochoro vya Kuze haviingizi lori, kwa hiyo KAB ililala karibu na Liwatoni, nyuma ya ghala la wavuvi, na yeye alipita miezi bila kuiona. Aliyejua kodi na ada na stika alikuwa Fahmi.

Jioni ile binti yake, Nasiha, aliporudi kutoka duka la dawa alikofanya kazi, alikuta mamake amelitoa sanduku na kuzitandaza karatasi mkekani.

"Nisomee," alisema Tumu. "Hii ya nini, na hii ya nini."

Nasiha alisoma, na pale alipokwama walimpigia Chonga. Kidogo kidogo Tumu akaanza kuona lori lake lilivyoishi. Kulikuwa na kodi ya serikali kuu, kila mwaka, kwa kadiri ya tani. Kulikuwa na ukaguzi wa kila mwaka, ambao lori la miaka zaidi ya thelathini huuogopa kama mtoto aogopavyo sindano. Hizo mbili zilikuwa sawa popote nchini. Lakini zaidi ya hapo, kila kaunti ilikuwa na lake. Kisiwani walitoza kwa kuegesha na kushusha. Kaunti ya machimbo, ambayo Chonga aliiita "kwa mawe", ilitoza kwa tani zilizoandikwa kwenye fomu ya lori, uwe umejaza au hukujaza. Kaunti ya upande wa pili, "kwa mchanga", ilitoza kwa safari, lori kubwa na dogo bei karibu moja.

"Na uzee wa gari hawautazami?" aliuliza Tumu.

"Hawautazami, Mama. Lori la mwaka jana lapiga safari tatu kwa siku, mimi napiga moja na nusu. Twalipa sawa."

"Basi kosa liko wapi? Fahmi alilipa kila kitu. Stakabadhi hizi hapa."

"Mimi ni dereva tu," alisema Chonga.

Kesho yake shemeji yake, Jamaldin, alikuja kama alivyokuja kila Ijumaa. Hakupanda juu, maana Tumu hakuwa akionana na wanaume wa kando. Alikaa ukumbini chini, naye Tumu akaketi ngazini nyuma ya pazia, wakaongea hivyo.

"Masalkheri, shemeji. Wambaje?"

"Masalkheri ya kheri. Alhamdulillahi. Habari za lori umezipata?"

"Nimezipata, ndizo zilizonileta." Jamaldin alikohoa. Alikuwa mtu mwema, mwenye duka la mapazia, aliyeamini kwamba kila shida duniani huisha mtu akipumzika. "Lori lile limekula umri wa marehemu. Sikiliza. Tanga kuna binamu yetu. Asema kule gari likishasajiliwa, mambo ya kila mwaka ni mepesi, na magari makuukuu ni mengi barabarani, hakuna anayeyasumbua. Tulihamishe. Litumike kule, wewe uletewe chako hapa, ukae utulie. Nimeandikisha hati kwa wakili, ya kunipa idhini nikutolee kila kitu. Wewe ni kutia sahihi tu."

Bahasha ikapitishwa chini ya pazia. Tumu aliishika. Ilikuwa nyepesi, naye alikuwa amechoka, na maneno "ukae utulie" yalimpanda mwilini kama chawa.

"Nitaisoma," alisema.

"Kuna nini cha kusoma?"

"Ntaisoma, Jamaldin."

Siku zikaenda. Kila asubuhi Tumu alipiga simu ofisi ya mapato ya kaunti ya machimbo, na kila asubuhi sauti nyingine ilimwambia mwenye gari aje na logibuku na kitambulisho. Alieleza kwamba yuko edani. Mmoja alimpa pole kwa moyo mweupe, kisha akasema hayo hayo. Mwingine aliuliza eda ni nini. Chonga alikaa na lori siku tatu, akilala juu ya mawe, halafu akarudi kwa watoto wake. Tumu alikuwa akipika chakula cha watu wawili na kuunguza nusu. Usingizini aliota anatafuta kiatu kimoja.

Siku ya arubaini na saba alimpigia mwalimu wake wa chuoni, bibi aliyemsomesha Kurani utotoni na ambaye bado alisomesha, ingawa macho yalimwisha. Alimweleza yote.

"Wenda kwa haja," aliuliza yule bibi, "au wenda kwa kuchoka kukaa?"

Tumu hakuweza kumdanganya. "Kwa yote mawili."

"Basi nenda kwa la kwanza. Nenda mchana, kwa sitara, usipite pengine, na urudi kabla ya magharibi."

Jamaldin aliposikia alipiga simu mara nne. Watu watasema nini? Mjane wa Fahmi, hata miezi miwili haijatimu, yuko barabarani na madereva? Tumu alimjibu mara ya kwanza, mara tatu zilizobaki akaiacha simu ilie.

Walitoka yeye na Nasiha asubuhi, kwa teksi ya jirani, Tumu amejifunga buibui bila uturi wala wanja. Jua lilimchoma macho. Walipokwisha kuvuka kutoka kisiwani, alipoona malori yamejipanga kandokando ya barabara alianza kusoma namba zake kwa sauti ya chini, moja baada ya moja, kama mtu anayetafuta sura anayoijua.

Ofisi ilikuwa jengo dogo lenye bati jekundu karibu na kizuizi. KAB ilikuwa uani, buluu iliyofifia, vumbi jeupe la mawe limeifunika hadi vioo. Tumu alishangaa jinsi ilivyoinama. Nyuma ilikuwa imeketi kabisa juu ya magurudumu, kama punda aliyekataa kwenda.

Aliyewapokea alikuwa afisa kijana aitwaye Loise, mtu wa bara, mwenye sauti ya upole na meza iliyopangwa vizuri. Aliwapa viti.

"Pole kwa msiba, mama. Na pole kwa safari. Ningeweza kulimaliza kwa simu ningelimaliza." Alifungua faili. "Zamani vitabu vyetu vilikuwa vyetu peke yetu. Mwaka huu mashine yetu inasoma namba ya gari na kuuliza usajili wa taifa moja kwa moja. Usajili unasema lori lako ni la tani saba. Sisi tunalo kama la tani kumi. Kwa miaka kumi na saba, tangu enzi za baraza kabla ya kaunti, umelipa ada ya tani kumi."

Tumu alihisi joto likimpanda kifuani, na lilikuwa joto tamu, kwa sababu hatimaye alikuwa na mtu wa kumkasirikia. "Kwa hiyo mmetudhulumu," alisema. "Miaka kumi na saba. Mume wangu alikuwa mtu mnyamavu, mkamwandika mnavyotaka, na mimi nimekuja kutaka haki yangu."

Loise hakubishana. Aligeuza faili ili Tumu aone. Ilikuwa fomu ya zamani, imekuwa ya manjano pembeni. Mwenye gari anatangaza uwezo wa gari lake: tani kumi. Chini yake kulikuwa na jina la Tumu na sahihi.

"Hii ni sahihi yako, mama?"

Ile T ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kushoto. Tumu aliijua. Ilikuwa juu ya kila orodha ya sokoni aliyoandikiwa kwa miaka thelathini, tui, tangawizi, tende, kwa sababu Fahmi alikuwa na mwandiko mzuri na yeye hakuwa nao. Nasiha naye aliijua. Akamtazama mamake, kisha akatazama sakafu.

Akisema ndiyo, amesema uongo mbele ya karatasi ya serikali. Akisema la, amemshtaki maiti ambaye udongo wake bado haujakauka.

"Jina ni langu," alisema.

"Nimeuliza sahihi."

"Mkono ni wa mume wangu."

"Ulimpa idhini?"

"Hakuniomba. Na mimi sikuuliza kitu."

Loise aliandika mstari mmoja, akaweka kalamu. "Kaunti haikupoteza, mama. Kaunti ilipokea zaidi. Sitakuficha, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwa nini mtu alipe ada ya tani kumi kwa lori la tani saba."

Tumu hakuhitaji kuelezwa. Maisha yake yote alikuwa akipima. Hakuna mtu anayekodisha sufuria ya kilo mia kwa wali wa kilo sabini. Anayekodisha kubwa, ana mchele mwingi. Aligeuka akatazama dirishani, KAB imeinama uani, na akaona mawe yalivyopanda juu ya mbao za ubavuni kwa safu tatu zaidi.

"Kwa nini hamkumzuia?" aliuliza, lakini sauti haikuwa tena na moto.

"Mtu akitangaza kumi na kulipa kumi, kizuizi kinafunguka," alisema Loise. "Hapakuwa na mizani hapa. Mimi nina miezi minne kazini."

Alimweleza njia mbili. Ya kwanza, lori likapimwe upya lipewe tani kumi, jambo ambalo Loise alisema kwa adabu kwamba fremu ya umri ule haiwezi kulipita. Ya pili, Tumu atangaze tani saba kwa mkono wake mwenyewe, alipe ada ya kulaza gari, mzigo uliozidi ushushwe pale pale, na tangu hapo akikutwa na zaidi ya saba afikishwe mahakamani yeye, si dereva. Tumu aliomba kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa chuoni.

Nje, Chonga alikuwa amekuja kwa bodaboda. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu hata juani. Alipomwona Tumu alivua kofia.

"Pole, Mama."

"Ulijua," alisema Tumu.

"Nilijua."

"Miaka kumi na saba, Chonga. Umekula kwangu. Idi hujakosa sahani kwangu."

"Hukuuliza, Mama. Na mimi ningeanzia wapi? Nije nikwambie mumeo afanya hivi na hivi?" Aliizungusha kofia mikononi. "Mimi nalipwa kwa mzigo. Mzee alisema lori kuukuu haliwezi kushindana na mapya kwa safari, litashindana kwa mzigo. Alisema, bora tulipe zaidi kwa mlango wa mbele kuliko kuhonga kwa mlango wa nyuma. Watoto wangu wamesoma kwa hizo tani tatu. Na huyu hapa pia," akamwonyesha Nasiha kwa kidevu. "Chuo cha dawa kililipwa na nini?"

Nasiha alilia palepale, bila sauti. Tumu hakulia.

"Na mteremko ule wa kutoka machimboni?" aliuliza. "Mlikuwa mkishukaje na breki za gari hili?"

"Twasali," alisema Chonga.

Vibarua walipanda juu na kuanza kuyatupa mawe chini. Kila jiwe lililoanguka, spiringi za nyuma ziliguna. Tumu alisimama juani hadi mwisho, ingawa aliambiwa aingie kivulini, na lori likainuka kidogo kidogo mpaka likasimama sawa. Walifika nyumbani nusu saa kabla ya magharibi.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Mbele ya wageni waliokuja kumpa pole alimsifu Fahmi, na walipoondoka alimgombeza. Alikuwa na maswali, na mwenye majibu hayupo. Fahmi angalimwambia, je, yeye angalikataa? Hilo ndilo lililomtesa. Mwaka ule wa fomu ndio mwaka Nasiha alianza kidato cha kwanza, na paa lilikuwa likivuja, na yeye Tumu alikuwa akilalamika kila asubuhi juu ya paa. Pengine angalisema, tia kumi. Pengine angalisema tia kumi na mbili.

Chonga alipiga safari nne za tani saba, kisha akapiga simu. Kwa mzigo ule, dizeli na ada zikitoka, hakubaki na kitu cha kupeleka nyumbani. Kuna tajiri mmoja mwenye lori jipya alikuwa akimtaka. Tumu alimwambia nenda, na akamwambia kwa wema. KAB ikalala Liwatoni miezi miwili, na kodi zake hazikulala.

Eda ilipoisha, Tumu alioga, akavaa, akashuka ngazi. Wanawake wa mtaa walimwandalia chakula kidogo. Alikula matonge matatu, akainuka.

Kwa majuma matatu hakuna aliyejua kumpata wapi. Alikwenda ofisi za kaunti moja baada ya moja, akasimama dirishani, akauliza: mwatoza vipi? Kwa tani za gari, kwa tani za mzigo, kwa aina ya mzigo, kwa safari, kwa siku? Mwezi wa saba, mwanzo wa mwaka wa bajeti, ulikuwa umeingia na kila kaunti ilikuwa imetoa ada mpya, na mara nyingine karani mwenyewe alilazimika kwenda kuuliza ndani. Wengine walimfukuza. Mmoja alimchukulia kuwa mtu wa magazeti, akampa chai. Alipeleka KAB kwenye ukaguzi na dereva wa kukodi. Ikaanguka kwa taa na uskani. Akatengeneza, akairudisha, ikapita, na mkaguzi akamuuliza kwa nini hauzi chuma chakavu akapumzika.

Kuhusu Tanga, alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyelifikiria: alimpigia binamu mwenyewe. Binamu alikuwa mkweli. Ndiyo, gari likishakuwa la huku, mambo ya kila mwaka si mazito. Lakini ili liwe la huku lazima liingizwe kama gari lolote la kigeni, na hapo umri ndio unaotozwa. Lori la miaka ile lingedaiwa mpakani zaidi ya bei yake.

"Jamaldin hukumwambia?" aliuliza Tumu.

"Hakuuliza, dada. Aliniuliza kama malori makuukuu yapo. Nikamwambia yapo tele."

Tumu alirudisha bahasha dukani kwa Jamaldin ikiwa haina sahihi, akamweleza taratibu, bila kumwaibisha mbele ya wateja. Jamaldin alisoma hati yake mwenyewe kama ameiona mara ya kwanza. "Mimi nilitaka upumzike," alisema. "Najua," alisema Tumu, na alikuwa anajua.

Jibu lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya mchanga, kwa sababu mwenye kibanda cha jirani alikuwa akiezeka. Makuti. Lori zima la makuti, limepanda juu kama nyumba, halifiki tani mbili. Kwa mawe anatozwa kwa tani za gari, hapunguziwi. Lakini kwa mchanga ni safari moja, bei moja, uwe umebeba mchanga au manyoya ya kuku. Na makuti yalishonwa upande ule ule, na mahoteli na mabaa ya ufuoni yalikuwa yakiyataka mwaka mzima, maana makuti huoza. Lori kuukuu lisiloweza kubeba uzito lingeweza kubeba ukubwa.

Alihitaji dereva aliyejua kufunga mzigo wa juu usiyumbe. Alimfikiria Chonga, akakataa kumpigia.

Aliyekuja ni Kadzo, mke wa Chonga, siku ya Jumapili, na kikapu cha mihogo. Walikaa jikoni. Wote wawili walijua kwa nini amekuja, kwa hiyo waliongea kwanza habari za mvua, na za mtoto wa Kadzo wa kwanza aliyeolewa Mariakani.

"Lile lori jipya," alisema Kadzo hatimaye, akimenya, "tajiri wake humjazia kumi na tano. Wiki iliyopita lilimkatikia breki mteremkoni. Aliliingiza kwenye tuta la mchanga, Mungu akamtoa. Asema hawezi kurudi kwako kwa aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kujua."

Tumu aliendelea kukuna nazi. "Mwambie aje kesho Liwatoni saa moja asubuhi," alisema. "Mwambie mzigo ni makuti, na mshahara ni wa mwezi, si wa mzigo. Ni mdogo. Na mwambie nitakaa naye mbele."

Alikaa naye mbele. Safari ya kwanza kamba ililegea wakamwaga nusu ya makuti barabarani, wakayaokota wao wawili huku magari yakiwapigia honi. Ya pili ilikwenda. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa na hoteli tatu na msikiti mmoja uliojenga banda la wageni. KAB iliingiza nusu ya ilichokuwa ikiingiza zamani, na siku za harusi Tumu alirudi kwenye sufuria zake kuziba pengo. Wenye malori wengine wa Liwatoni, wanaume waliokuwa wakimpita bila salamu, walianza kumngojea. Mama Nasiha, nina la tani tano, nitoke na nazi nipite kwa nani? Mama Nasiha, langu ni la mwaka wa tisini na mbili, ukaguzi wataka nini mwaka huu? Aliwajibu akiwa amesimama, na mara nyingi swali la pili lilimkuta ameshaondoka.

Kila mwezi wa saba ada zilibadilika, naye akaanza upya kuzungukia madirisha. Nasiha alisema mamake huufurahia mwezi ule kuliko Idi. Haikuwa kweli kabisa. Kulikuwa na siku Tumu alisimama kwenye foleni akiwa na hasira ambayo hakujua amwekee nani, akahisi mikono yake inataka kupanga upya viti vya ofisi.

Mwaka wa pili wa kifo cha Fahmi walimsomea hitima. Watu walipoondoka, Nasiha akikusanya vikombe, aliuliza jambo alilokuwa nalo tangu siku ya ofisi ya bati jekundu.

"Mama, umemsamehe Baba?"

Tumu alikuwa akifunga sahani ya biriani katika kitambaa, ya kumpelekea Kadzo. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Yale ya mawe nilimsamehe siku ile ile," alisema. "Alikuwa na watu wa kulisha. Lakini la kuandika jina langu na asiniambie, hilo naliendea polepole. Baadhi ya siku nimefika karibu."

Kisha akamwambia Nasiha amtazamie buibui lake, kwa sababu Chonga alikuwa amepiga simu mara mbili, wingu lilikuwa limesimama upande wa kusini, na makuti ya watu yalikuwa juu ya lori bila turubai.